Hospitali Zihesabu Wanaopona, Si Wanaopasuliwa Tu

Jamaa wa mgonjwa wanapoketi nje ya chumba cha upasuaji huwa wanangoja neno moja tu: "Imefaulu." Daktari akishalitamka, simu hupigwa nyumbani, machozi hufutwa na mchango wa kulipia gharama huendelea kwa moyo mpya. Lakini kuna swali ambalo ni nadra kuulizwa wakati huo. Imefaulu mpaka lini?

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 60, mkulima kutoka kijiji kimoja karibu na Kikima, katika milima ya Mbooni. Anaamka usiku tumbo likiwa limevimba na kukaza kama ngoma. Hapitishi choo wala hewa. Kunapokucha anafikishwa katika hospitali ya Mbooni, na kutoka hapo anahamishwa kwa ambulansi hadi Wote au Machakos. Huko inagunduliwa kwamba utumbo mpana umejisokota na sehemu yake imeanza kufa. Madaktari wanakata sehemu hiyo, wanashona ncha mbili zilizobaki na kufunga tumbo. Jamaa wanaambiwa kwamba imefaulu.

Siku ya tano mshono wa ndani unaanza kuvuja. Mapigo ya moyo yanakwenda mbio, homa inapanda na mzee anaanza kuweweseka. Ni usiku, na muuguzi mmoja anahudumia wodi nzima. Daktari anapoarifiwa ni asubuhi, na siku mbili baadaye mzee ameaga dunia. Katika daftari la chumba cha upasuaji, jina lake bado limeandikwa miongoni mwa waliotoka mezani salama.

Mzee huyu ni wa mfano tu, lakini msomaji aliyewahi kuuguza mtu atamtambua. Na daftari hilo ndilo kiini cha makala haya. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Maisha ya watu nayo hupotea vivyo hivyo. Hospitali inayohesabu wangapi imewapasua, bila kuhesabu wangapi walikuwa hai siku 30 baadaye, haijui ubora wa kazi yake. Hata daktari wake aliye hodari hajui.

Kwa nini utumbo?

Huenda msomaji akauliza kwa nini nachagua upasuaji wa utumbo mpana na puru, ilhali kuna upasuaji wa kila aina. Sababu ni kwamba hakuna upasuaji wa kawaida unaoipima hospitali nzima kama huu. Ndani ya utumbo mpana mna viini visivyohesabika, na tone moja likimwagika tumboni laweza kuzua maradhi ya kuua. Kwa hivyo, daktari wa upasuaji hatoshi. Ni lazima awepo mtaalamu wa dawa za usingizi anayeimudu kazi yake, damu iwe tayari, vyombo viwe vimechemshwa ipasavyo, maabara ifanye kazi usiku na muuguzi awe na nafasi ya kumtazama mgonjwa kila baada ya saa chache. Mmoja wao akilegea, mgonjwa ndiye anayelipa.

Kujisokota kwa utumbo ni maradhi yanayojulikana sana katika Afrika Mashariki, na huwakumba zaidi wanaume waliokomaa kiumri. Saratani ya utumbo mpana nayo zamani ilidhaniwa kuwa ugonjwa wa Wazungu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, aliona wagonjwa wachache mno wa saratani hiyo, akasema kwamba Waafrika wanakingwa na vyakula vyenye makapi mengi. Siku hizi mambo yamebadilika. Saratani hiyo sasa ni mojawapo ya zile zinazopatikana kwa wingi nchini Kenya, na wengi hufika hospitalini ikiwa imekwisha kuenea. Upasuaji wa utumbo, basi, utaongezeka tupende tusipende.

Wanakufa baada ya kisu

Je, hali yetu ikoje? Mwaka wa 2018 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa 11,422 waliopasuliwa walifuatiliwa. Ingawa wengi wao walikuwa vijana wasio na maradhi mengi, kiwango chao cha vifo kilikuwa asilimia 2.1, takriban mara mbili ya wastani wa ulimwengu. Jambo la kutia uchungu zaidi ni kwamba zaidi ya 9 kati ya kila 10 waliofariki hawakufa siku ya upasuaji. Walikufa siku zilizofuata, wakiwa wodini.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka wa 2021, uliwatazama wagonjwa 15,958 wa saratani za matiti, tumbo na utumbo mpana katika nchi 82. Ulionyesha kwamba mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana katika nchi za kipato cha chini na zile zinazofuata, Kenya ikiwa katika kundi hilo la pili, alikuwa na uwezekano zaidi ya mara nne wa kufa ndani ya siku 30 akilinganishwa na mwenzake wa nchi tajiri. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na kuchelewa kwa wagonjwa, lakini si yote. Mahali ambapo hapakuwa na huduma za uhakika za kumtunza mgonjwa baada ya upasuaji, palikuwa na vifo 7 hadi 10 zaidi kwa kila wagonjwa 100 waliopatwa na matatizo makubwa.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mshono unaweza kuvuja London kama unavyoweza kuvuja Machakos. Tofauti iko katika mtu anayegundua mapema kwamba umevuja, na katika kinachofanywa saa ile ile. Hilo halionekani katika daftari la chumba cha upasuaji. Linaonekana tu pale hospitali inapomfuata mgonjwa wake mpaka mwisho.

Waliopima waliona

Wako watakaosema kwamba kupima ubora ni anasa ya nchi tajiri. Sikubaliani nao, kwa kuwa mifano ya hapa kwetu ipo.

Wa kwanza ni Ifakara, Tanzania. Hospitali ya Mtakatifu Francis ya mji huo ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani, pamoja na za miji kama London, Toronto na New Delhi, zilizojaribu orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani. Ni karatasi moja tu. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila mtu chumbani anajitambulisha kwa jina na kazi yake, na wote wanathibitisha jina la mgonjwa, mahali pa kupasua, na kama dawa ya kuzuia viini imetolewa. Kabla ya mgonjwa kutoka, vyombo na pamba huhesabiwa. Kwa jumla ya hospitali zote nane, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2009.

Wa pili ni hapa Kenya, katika hospitali ya Thika. Watafiti walipoanza kuhesabu, walikuta kwamba ni asilimia 2 tu ya wagonjwa wa upasuaji usio na uchafu mwingi waliokuwa wakipewa dawa ya kuua viini kabla ya kupasuliwa, wakati inapofaa zaidi. Karibu wote walikuwa wakipewa baadaye, kwa siku kadhaa, wakati faida yake ni ndogo. Hospitali iliandika mwongozo wake yenyewe, ikawafundisha wahudumu wake na kuendelea kuhesabu. Wiki ya kwanza kiwango kilipanda hadi asilimia 60, na kufikia wiki ya sita kilikuwa asilimia 98. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2013. Hakuna mtambo wa mamilioni uliohitajika. Wahudumu walionyeshwa hesabu ya kazi yao, wakaibadilisha.

Hata jambo dogo kama glavu linapimika. Mwaka wa 2022 ilichapishwa habari ya jaribio lililofanywa katika nchi saba, zikiwemo Rwanda, Ghana na Nigeria, ambapo madaktari walibadilisha glavu na vyombo kabla ya kufunga tumbo. Vidonda vilivyooza vilipungua kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Kwa hospitali inayofungua matumbo mengi, hao ni watu wengi wanaorudi shambani mapema.

Na wanaotaka mfano wa utumbo wenyewe waitazame Norway. Katika miaka ya 1980 iligunduliwa huko kwamba saratani ya puru ilirudi mahali pale pale kwa hadi asilimia 28 ya waliopasuliwa. Mnamo 1993 nchi hiyo ilianza kuandikisha kila mgonjwa wa saratani hiyo, ikawafundisha madaktari njia bora ya kuondoa puru pamoja na mafuta yanayoizunguka, na kuirudishia kila hospitali hesabu yake ijione ilivyo ikilinganishwa na wengine. Kiwango hicho kilishuka hata chini ya nusu. Kisu kilikuwa kile kile, lakini sasa aliyekishika alijua matokeo ya kazi yake.

Ni haki kuongeza kwamba kupima si uganga. Jaribio lililochapishwa mwaka wa 2021, lililohusisha nchi 28 za Afrika, lilitaka wagonjwa walio hatarini watazamwe kwa karibu zaidi baada ya upasuaji. Vifo havikupungua. Kumtazama mgonjwa akizidiwa hakusaidii kitu ikiwa damu haipo, chumba cha wagonjwa mahututi hakipo na daktari yuko mbali. Hesabu inatuonyesha pengo lilipo. Kuliziba ni kazi nyingine, na inahitaji fedha.

Hofu ya madaktari

Nimewahi kusikia madaktari wakilalamika kwamba takwimu zikitangazwa, zitatumiwa kuwasulubisha. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Anayepokea wagonjwa waliocheleweshwa siku tatu njiani atakuwa na vifo vingi kuliko anayechagua wagonjwa wenye nguvu. Jimbo la New York lilipoanza kutangaza vifo vya wagonjwa wa upasuaji wa moyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, kulizuka malalamiko kwamba baadhi ya madaktari walianza kuwakwepa wagonjwa mahututi ili majina yao yasichafuke. Hatutaki mzee wetu wa Mbooni akataliwe mlangoni kwa sababu ataharibu hesabu ya mtu.

Tena, hospitali ndogo hudanganywa na idadi ndogo. Ikiwa imepasua utumbo wa watu 10 kwa mwaka na mmoja akafa, hiyo ni asilimia 10. Mwaka unaofuata akikosekana wa kufa, ni sufuri. Hakuna kilichobadilika ila bahati. Kuzipanga hospitali kama hizo kwa nambari, ya kwanza mpaka ya mwisho, kama shule baada ya mtihani wa taifa, ni upuuzi.

Dawa ya hofu hiyo si kuficha. Dawa ni kuandika hali ya mgonjwa alipofika, yaani umri, siku alizougua na kama utumbo ulikuwa umeshakufa, ili kila mmoja apimwe kwa mzigo wake. Hospitali ndogo zihesabu kwa miaka mitatu pamoja, na kila kifo kijadiliwe na wahudumu wote wakiuliza "nini kilikosekana?" badala ya "nani wa kulaumiwa?" Daktari Ernest Codman wa Boston alilitaka jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alimfuatilia kila mgonjwa wake na kuyachapisha makosa ya hospitali yake ndogo kwa hiari. Wenzake walimchukia, lakini leo wanaopigania ubora wa hospitali wanamheshimu kama mwasisi wao. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo inazihusu hospitali kama inavyowahusu wagonjwa.

Mambo matano

Napendekeza kila hospitali inayopasua utumbo, kutoka zile za kaunti ndogo hadi Kenyatta, ihesabu mambo matano tu.

Kwanza, wagonjwa wangapi walikufa ndani ya siku 30, wawe walifia wodini, nyumbani au katika hospitali nyingine.

Pili, wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji bila kutarajiwa.

Tatu, wangapi walioza kidonda au kuvuja mshono wa ndani.

Nne, kwa mgonjwa wa dharura, saa ngapi zilipita tangu alipofika kituo cha kwanza mpaka alipopasuliwa. Hapa saa za barabarani kutoka Kikima zihesabiwe pia, kwani utumbo uliojisokota haungoji ambulansi itiwe mafuta.

Tano, kati ya waliotobolewa tumbo ili wapitishie choo kwenye mfuko kwa muda, wangapi walirudishiwa njia ya kawaida katika mwaka mmoja. Jambo hili husahauliwa kabisa. Mgonjwa huambiwa arudi baada ya miezi mitatu, akirudi anakosa pesa au anakosa nafasi, na aliyeahidiwa miezi anaishi na mfuko miaka, akijitenga na kanisa, soko na hata kitanda cha ndoa. Kwa hesabu za sasa, yeye naye "amepona".

Nani atamfuata mgonjwa hadi kijijini? Watu wapo. Mwaka wa 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba ya vifaa na simu. Mhudumu anayezuru boma kupima shinikizo la damu anaweza kuuliza: "Yule mzee aliyepasuliwa anaendeleaje?" Kule Thika watafiti walijaribu pia kuwapigia simu wagonjwa waliokwisha kwenda nyumbani kuulizia vidonda vyao, na ikaonekana kuwa ni jambo linalowezekana. Simu ya dakika mbili haiwezi kuishinda kaunti.

Makueni waanze

Naamini kwamba Makueni ndiyo kaunti inayofaa kuanza. Ndiyo iliyotangulia wengi kwa mpango wa MakueniCare, ambapo familia ililipa Sh500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Na chini ya gavana wake wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, aliyeongoza kutoka 2013 hadi 2022, wananchi walizoea jambo ambalo kwingineko bado ni ndoto. Kamati za wanakijiji zilikagua miradi, na mkandarasi hakulipwa mpaka kamati iridhike na kutia sahihi.

Basi, ikiwa mwananchi wa Kikima anaweza kukagua bwawa na kusema saruji haitoshi, kwa nini asiambiwe kila mwaka ni majirani wake wangapi walipasuliwa utumbo na wangapi walirudi nyumbani? Simwombi akague mshono. Namwombea hesabu, bila majina ya wagonjwa, kwa sababu siri ya mgonjwa inalindwa na sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 35 kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hizo mbili zikutane mlangoni mwa hospitali.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, nayo ina sehemu yake. Anayelipa ana haki ya kuuliza alichonunua. Kabla ya hospitali kulipwa kwa upasuaji mkubwa wa utumbo, na iulizwe mgonjwa alikuwaje siku ya 30. Ikisema haijui, hilo nalo ni jibu.

Wakati huohuo, msomaji usingoje serikali. Tumbo likivimba ghafla na choo na hewa kukwama, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Ukiona damu kwenye choo, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa na mwili kupungua, usiridhike kuambiwa ni bawasiri kabla ya kupimwa. Na ukiuguza mtu aliyepasuliwa utumbo, ujue kwamba siku ya tatu hadi ya kumi ndizo za kuangaliwa zaidi. Moyo ukienda mbio, homa ikipanda au akianza kuchanganyikiwa, mwite muuguzi. Asipokuja, mwite tena, na usione haya.

Ukisimama Kikima na kutazama miteremko ya Mbooni, utaona matuta ya fanya juu yaliyopangwa mstari kwa mstari. Wazee waliochimba matuta hayo hawakubahatisha. Walipima mteremko kwa kamba na kipimo cha usawa kabla ya kuinua jembe, na mvua iliposhuka walitoka kwenda kutazama mahali maji yalipopenya, wakaparekebisha. Udongo wa Mbooni uliokolewa hivyo. Watu wa Mbooni nao wanastahili kupimiwa kazi inayofanywa ndani ya matumbo yao, na mahali panapovuja parekebishwe.